Kinywaji, Samaki na Sinema: Swali Lililotoka Ziwani Naivasha

Kila taifa la watu lina adabu yake ya meza, na ndani ya adabu hiyo mna elimu ya kujua kitu gani kifuatane na kitu gani. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa kwamba halua huliwa kwa kahawa chungu, kwamba samaki wa kukaanga humlilia ndimu, na kwamba biriani bila ya kachumbari ni kama harusi isiyo na vigelegele. Hakuna aliyetuandikia kanuni hizi. Tumezikuta jikoni kwa mama zetu, na mtoto aliyeketi juu ya mbuzi kukuna nazi alizipata papo hapo pamoja na harufu ya bizari.

Wazungu nao wana elimu yao ya namna hiyo, na miaka ya karibuni imezidi kutoa matawi. Si chakula na mvinyo tu sasa, bali ni chakula, mvinyo na filamu. Mgeni huketi, huletewa samaki, humiminiwa mvinyo mweupe wa Kitaliana uliopozwa, na ukutani mbele yake sinema inakwenda. Watunzi wa karamu hizi husema kwamba vitu vitatu hivyo vikichaguliwa kwa ujuzi huitikiana kama ala za taarabu, udi ukauliza na fidla ikajibu. Mambo haya yamekwisha kufika Nakuru na Naivasha, katika Bonde la Ufa, ambako watalii na wakwasi wa Nairobi hushukia mwisho wa juma.

Msomaji ataniuliza, na haki anayo: Ewe ndugu, wewe uliyefundishwa alifu kwa kijiti katika chuo cha mwalimu, mvinyo wa Wataliana wakuhusu nini? Jawabu langu ni kwamba jambo hili halikunijia kwa mlango wa kiu. Limenijia kwa mlango wa riziki ya mtoto wa nyumbani.

MPWA WANGU NA CHUPA

Mtoto wa dada yangu, kijana wa miaka 24, ni mhudumu wa meza katika hoteli moja iliyo karibu na Ziwa Naivasha. Alinipigia simu usiku, baada ya isha.

"Asalaam aleikum, mjomba. Nina jambo nataka shauri lako."

Akanieleza kwamba wakubwa wake wameandaa usiku wa sinema kila Jumamosi. Patakuwa na samaki wa ziwani, mvinyo mweupe kutoka Italia, na picha itakayoonyeshwa ukutani. Yeye, kwa kuwa ulimi wake ni mwepesi na Kiingereza chake ni kizuri, amechaguliwa azunguke na chupa, amimine, na awaeleze wageni kwa nini mvinyo huu wafaa kwa samaki huyu. Mshahara utaongezwa, na bahashishi haikosi.

"Nikikataa, mjomba, kuna vijana kumi wanaingoja nafasi yangu. Na hali ya mama waijua mwenyewe. Dawa zake ni za kila mwezi."

Nikamwambia asitie saini wala asikatae mpaka nifike. Kisha akaongeza la pili: "Wako wageni wetu wa Mombasa siku hizi, wenye buibui na kofia. Wao hupewa soda tu, na kula samaki mzuri kwa soda ya sukari naona ni kama adhabu. Tuwape nini kinacholingana?"

Nikaona hapo pana maswali mawili katika bahasha moja, la sheria na la ladha. Nikafunga safari.

BONDE LA WAGENI

Aendaye Naivasha kwa njia ya chini huteremka ukingo wa bonde mpaka karibu na Mai Mahiu, na kando ya barabara hukuta kanisa dogo sana la mawe. Kanisa hilo lilijengwa mwaka 1942 na mateka wa Kitaliana waliokamatwa katika vita vya Uhabeshi na Somalia, wakaletwa kuikata barabara ile. Sisi wa Pwani twawajua Wataliana kwa Malindi, tangu roketi za San Marco ziliporushwa baharini Ngomeni mwaka 1967, kisha zikaja hoteli zao na tambi zao, ambazo sisi twazila kwa sukari na tui la nazi, jambo linalowahuzunisha sana. Bonde la Ufa liliwajua mapema zaidi, nao wakiwa na sururu mikononi.

Tena katika bonde lile karibu kila kitu kilichoko mezani ni mgeni. Ziwa Naivasha liko juu yapata mita 1,890, na maji yake ni matamu, lakini samaki wake wavuliwao wameletwa. Yule aitwaye bass aliletwa kutoka Marekani katika miaka ya 1920. Kamba wa maji baridi, asili yake Louisiana, alitiwa humo mwaka 1970. Ngege nao waliletwa, na mwanzoni mwa karne hii akaingia kapu. Zabibu vilevile ni mgeni. Huko Morendat, Naivasha, ilipandwa mizabibu iliyotoa mvinyo uitwao Leleshwa, kwa jina la kile kichaka cha majani ya rangi ya fedha chenye kunukia ambacho Wamaasai wakijua tangu kale. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi kali, lakini kwetu kwenye ikweta baridi hiyo haiko, basi mkulima lazima auamrishe kwa mkasi, aukate matawi ndipo uchipue kwa mpango.

Na sisi je? Reli iliyoanza Mombasa ilifika Nakuru mwaka 1900, na pamoja nayo walikwenda watu wa Pwani, mafundi, wapishi na walimu wa chuo. Hata leo ukipita mtaa wa Bondeni utasikia adhana. Kwa hivyo mtu wa Pwani akisema neno juu ya chakula cha Nakuru, si mgeni wa jana.

SIRI YA UCHACHU

Sikuonja mvinyo, wala sikuwa na haja. Mpishi maarufu wa yule mama wa Kidenmaki wa Ngong, Karen Blixen, alikuwa kijana wa Kikuyu aitwaye Kamante, aliyepika vyakula vya Kizungu vikasifiwa na wakubwa, hali mwenyewe hakuvipenda wala hakuvila. Alifuata kanuni. Nami niliuliza kanuni, nikaisoma, na nimeielewa hivi.

Mvinyo mweupe wa Kitaliana usifiwao kwa samaki, kama Soave wa upande wa Verona, Gavi wa Piemonte au Verdicchio wa Marche, ni mkavu, yaani sukari ya zabibu karibu yote imekwisha kugeuka kilevi, ambacho huwa kiasi cha asilimia 12. Kinachobaki kuutawala ulimi ni uchachu. Katika lita moja huwa mna gramu 5 hadi 7 hivi za asidi. Uchachu huo hufanya kazi tatu. Wayakata mafuta yaliyoganda kinywani baada ya samaki wa kukaanga. Waamsha mate, na mate ndiyo yanayoifanya tonge ya pili iwe tamu kama ya kwanza. Tena waituliza ile shombo ya samaki, kwa sababu vitu viletavyo shombo hushindwa na asidi. Wakiupoza mpaka nyuzi 8 au 10, ukali wake hupata makali zaidi, na utamu ukalala.

Sasa sikiliza, msomaji. Asidi kubwa ya zabibu huitwa asidi ya tartari. Matunda mengi ya mezani kwetu hayana ya kutosha. Uchachu wa ndimu na wa chungwa ni wa namna nyingine. Lakini liko tunda moja ambalo limejaa asidi hiyo hiyo ya zabibu, tena kwa wingi kuishinda zabibu yenyewe, na tunda hilo ni ukwaju. Nyama ya ukwaju mkavu kwa kawaida hupita asilimia 8 kwa asidi hiyo. Waarabu waliuita tende ya Hindi, na kwa jina hilo Wazungu wakaupokea. Mama zetu waliokuwa wakipaka samaki ukwaju kabla ya kumrudisha juu ya makaa, na kuweka jagi la maji ya ukwaju kando ya sinia, walikuwa wakifanya kazi ile ile ya mtaalamu wa Verona, kwa asidi ile ile, bila ya chupa wala kizibo.

Hapo swali la pili la mpwa wangu likawa limejibika. Soda imeshindwa kwa sababu sukari yake imeufunika uchachu wake. Maji ya ukwaju yaliyotiwa sukari mpaka yakawa sharubati yatashindwa kwa sababu hiyo hiyo. Yafaa yachujwe mara mbili, yatiwe sukari kidogo sana, tangawizi na chembe ya chumvi, yapozwe vizuri, na yanywewe katika bilauri ndogo, si katika kikombe cha robo galoni.

SHERIA YASEMAJE

La kwanza lilikuwa zito zaidi. Kurani Tukufu yaitaja zabibu mara nyingi miongoni mwa neema. Katika Sura An-Nahl watajwa watu wafanyao kutokana na matunda ya mitende na mizabibu kilevi na pia riziki njema. Kisha katazo likashuka kwa daraja, katika Al-Baqara, katika An-Nisaa, mpaka Al-Maida ikaufunga mlango. Kwa hiyo ugomvi wetu si na zabibu wala si na uchachu wake. Ugomvi wetu ni na kile kinachoifunika akili.

Nilikwenda na mpwa wangu kwa mwalimu mmoja mzee huko Bondeni. Alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kumkatiza. Akamkumbusha ile hadithi mashuhuri ya watu kumi waliolaaniwa kwa ajili ya mvinyo, na kwamba katika kumi hao mnywaji ni mmoja tu, wengine ni akamuaye, achukuaye, auzaye, alaye thamani yake, na yule anayeumimina. Akasema pia kwamba imekatazwa kuketi kwenye meza inayozungushwa chupa, basi wageni Waislamu wapewe meza yao mbali, si bilauri tofauti katika meza ile ile. Kuhusu samaki aliyepikwa kwa mvinyo, alisema kwetu sisi wa madhehebu ya Shafii mvinyo ni najisi, na moto haumsafishi samaki yule.

Mpwa wangu akauliza juu ya siki ya mvinyo, iliyokuwa rafuni jikoni kwao. Mwalimu akatabasamu. Siki ni kitoweo alichokisifu Mtume, rehema na amani zimshukie. Mvinyo ukigeuka siki wenyewe, bila ya kutiwa kitu, basi kwa Imamu Shafii umetoharika, na chombo chake pia. Ukigeuzwa kwa kutiwa kitu, la. Mahanafi, nao ni wengi miongoni mwa ndugu zetu wenye asili ya Kihindi hapo Nakuru, wao wameruhusu hata huo uliogeuzwa kwa makusudi. "Usimgombeze Mhanafi kwa achari yake," alisema mwalimu, "nawe ukitaka utulivu tumia ndimu."

Nami nikaongeza langu la jikoni. Zabibu mbichi, ambazo hazijaiva, hukamuliwa maji makali sana, na Waarabu wa kale waliyapikia nyama na samaki, wakiyaita hisrimu. Hayajachacha, hayalevyi, na uchachu wake ndio ule ule. Mwenye mzabibu Naivasha anaweza kuyapata kwa matunda anayoyapunguza kabla ya kuiva.

SINEMA NA MEZA

Wakubwa wa hoteli walikuwa wameichagua ile picha iitwayo Out of Africa, ya mwaka 1985, aliyoiongoza Sydney Pollack, iliyotwaa tuzo 7 za Oscar. Sikushangaa. Mgeni akija bondeni hutaka kuliona bonde hata ukutani. Katika picha hiyo mtu wa kumtazama, kwa macho yangu, si Meryl Streep wala Robert Redford. Ni Farah, aliyeigizwa na Malick Bowens. Farah Aden alikuwa Msomali, Mwislamu mshika dini, aliyeisimamia nyumba ya Bi Blixen tangu alipofika mwaka 1914 mpaka alipoondoka mwaka 1931. Nyumba hiyo rafiki zake mama yule, Denys Finch Hatton na Berkeley Cole, waliijaza mvinyo. Ndugu yake huyu Cole alikuwa na shamba lake papa hapa bondeni, Elmenteita. Simfanyi Farah kuwa hoja ya sheria, lakini yatosha kuonyesha kwamba swali la mpwa wangu lina zaidi ya miaka mia katika nchi hii. Mwislamu amesimama nyuma ya kiti cha Mzungu, na chupa iko mezani.

Hata hivyo, kwa usiku wa chakula, mimi nilimtajia picha nyingine, nayo yatokana na kalamu ya mama huyo huyo. Ni Karamu ya Babette, picha ya Kidenmaki iliyoongozwa na Gabriel Axel mwaka 1987, ikapata Oscar ya picha ya kigeni. Dada wawili, binti za kasisi mkali, wanaishi kijiji cha pwani pamoja na wafuasi wazee wa baba yao, ambao wamezeeka katika dini na pia katika magomvi. Mpishi wao ni mkimbizi wa Kifaransa. Anashinda faranga 10,000 katika bahati nasibu, na badala ya kurudi kwao anazitumia zote kwa karamu moja. Wazee wanaogopa, wanaapiana kwamba watakula bila ya kutamka neno juu ya chakula. Lakini chakula chenyewe chawalainisha, na waliokuwa hawasemezani wanasameheana.

Mvinyo umo katika picha hiyo, sikatai. Wao ni watu wa kitabu kingine. Lakini nilichokiona mimi ni mambo mawili ambayo Mwislamu anaweza kuyachukua bila ya kulowesha mdomo. La kwanza ni kwamba uchaji Mungu si kuidharau neema iliyoletwa mezani, maana mwenye kuileta amechoka. La pili ni kwamba mpishi yule alitoa alichokuwa nacho chote. Karamu isiyomgharimu mtu kitu haipatanishi watu.

ILIVYOKUWA

Na gharama ndiyo iliyotukabili. Mpwa wangu alirudi kwa meneja wake, akamwambia kwa adabu kwamba chupa hawezi kuishika, na kwamba ana mpango wa meza ya pili: ngege mzima aliyepakwa ukwaju na pilipili, viazi vya Molo vya kuchoma, kachumbari, na jagi la maji ya ukwaju baridi, kwa wapendao, maziwa lala, ambayo nayo yana uchachu wake. Alimkumbusha pia kwamba meza hiyo si ya Waislamu peke yao. Wako madereva watakaoupanda ule ukingo wa bonde usiku ule ule, wako akina mama wajawazito, wako Walokole.

Meneja alikubali meza ya pili. Chupa akapewa kijana mwingine, na nyongeza ya mshahara ikafuata chupa. Bahashishi ya meza ya ukwaju ni ndogo; nimeuliza, nimeambiwa. Anaendelea kutafuta kazi mahali pasipo na mtihani huo, kama mwalimu alivyomshauri.

Hapo ndipo nina neno kwa sisi wajomba, na akina ami, na walimu. Twawaambia vijana wetu, hii haramu, ile haramu, nao huko Nakuru, huko Naivasha, huko Dubai wamesimama na trei mikononi na mama zao wanangoja dawa nyumbani. Mwenye kumwambia kijana aache, na amsaidie kubeba alichokiacha. Nimefanya hesabu na ndugu zangu wawili, na dawa za dada yetu sasa twachanga sisi watatu. Si sadaka. Ni nusu ya pili ya ile fatwa.

Neno mvinyo tulilipokea kwa Wareno, na neno meza vilevile. Wazee wetu walijua la kuchukua na la kuacha: meza wakaiingiza nyumbani. Nami ubeti huu nimempa mpwa wangu, aubandike jikoni kwao akitaka:

Uchachu wake Manani, si wa chupa kumiliki,
Umo ndani zabibuni, ukwajuni na kwa siki,
Ukiutia mezani, kwa wali na kwa samaki,
Mja teua kwa dini, ladha nayo haitoki.